Konje ya uzazi Lubumbashi: anza kuhesabu kutoka siku utakayorudi kazini

Mama wengi wanapanga siku ya kuondoka, hawapangi siku ya kurudi. Matokeo yake yanafanana: mshahara unafika pungufu bila kutazamiwa, majuma ya konje (likizo) yanapotea kwa hesabu mbaya, na siku ya tatu kazini kifua kimevimba huku mtoto nyumbani anakataa kikombe.

Mwongozo huu ni wa mama mwenye kontra (mkataba wa kazi) katika kampuni, duka, shule ya binafsi au shirika, yaani anayefuata sheria ya kazi ya Kongo (Code du Travail) ya 2002 iliyorekebishwa 2016. Wafanyakazi wa serikali wana sheria yao: sehemu ya karatasi wasiichukue hapa, lakini ya maziwa na ya mlezi ni ileile kwa kila mtu.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi

Karatasi, kila moja na fotokopi mbili:

- kontra ya kazi na fishi 3 za mwisho za malipo;
- namba yako ya CNSS (mfuko wa taifa wa usalama wa jamii);
- kadi ya CPN (kliniki ya wajawazito) na sertifika ya daktari yenye tarehe ya kutazamia kujifungua;
- kadi ya mpiga kura, na hati ya ndoa kama ipo.

Vitu vya maziwa:

- chupa 6 za kioo zenye kifuniko, za ml 100 hadi 125;
- vikombe 2 vidogo vyenye mdomo laini;
- glasieri (sanduku la kutunza baridi) ndogo, na chupa 2 za plastiki za nusu lita zilizojaa maji na kugandishwa;
- sufuria moja isiyopikiwa kitu kingine;
- skochi ya karatasi na biki.

Pampu usinunue bado. Mkono unatosha, haungoji umeme, na kuusafisha ni sabuni na maji tu.

## Hatua ya 1: Hesabu majuma, usihesabu miezi

Kifungu cha 130 cha Code du Travail kinakupa majuma 14 mfululizo: 6 kabla ya kujifungua, na yasiyozidi 8 baada yake. Watu wanasema "miezi mitatu na nusu", na hapo ndipo siku zinapotea. Majuma 14 ni siku 98. Ukihesabu kwa miezi, wewe na shefu wako mtafika kwenye tarehe mbili tofauti, na tarehe itakayoshinda ni ya mwenye ofisi.

Chukua mfano. Daktari ameandika tarehe 12 mwezi wa 10, 2026, siku ya Jumatatu.

- Rudi nyuma siku 42: konje inaanza Jumatatu 31 mwezi wa 8.
- Nenda mbele siku 56: kazi inaanza tena Jumatatu 7 mwezi wa 12.

Halafu ongeza konje yako ya mwaka. Mtu mzima hupata angalau siku 1 ya kazi kwa kila mwezi kamili aliotumika, maana yake siku 12 kwa mwaka, na mwenye miaka mingi kazini huongezewa. Kwa kuwa Jumamosi nayo huhesabiwa siku ya kazi, siku 12 ni majuma mawili kamili. Ukiziunganisha na uzazi, utarudi tarehe 21 mwezi wa 12, mtoto ana majuma 10 badala ya 8. Majuma hayo mawili ni makubwa kuliko yanavyoonekana: kwa wengi, maziwa yametulia na usiku umeanza kueleweka. Kwa hiyo usiimalize konje ya mwaka mwanzoni mwa mimba. Itunze.

Onyo. Kuna mama wanaofanya kazi hadi juma la mwisho wakidhani majuma yote 14 watayala baada ya kuzaa. Sheria inasema baada ya kuzaa yasizidi 8. Majuma ya mbele usiyoyachukua hayahami yenyewe kwenda nyuma. Yanahama tu mwajiri akikubali, na akubali kwa maandishi. Neno la mdomo la shefu mwenye roho nzuri linaondoka naye siku anapohamishiwa Kolwezi.

Jambo moja zito ambalo hakuna mtu hupenda kulitaja: haki hii inabaki hata mtoto asipoishi. Mtu akikuambia urudi mara moja kwa sababu "hakuna mtoto wa kunyonyesha", amevunja sheria.

Umefaulu ukiwa na tarehe tatu zimeandikwa kwenye karatasi moja: ya kuondoka, ya kutazamia kuzaa, ya kurudi.

## Hatua ya 2: Barua, mapema, na muhuri wa kupokelewa

Peleka barua kati ya mwezi wa 4 na wa 5 wa mimba. Mapema kiasi hicho kwa sababu mbili: ofisi inahitaji muda wa kupata wa kukushikia nafasi, na kuanzia siku hiyo hakuna atakayesema hakujua. Kifungu cha 62 kinakataza mimba, kuzaa na yanayofuata kuwa sababu ya kufukuzwa, na ndani ya majuma yale 14 mwajiri hawezi kuvunja kontra. Lakini ulinzi huo ni mgumu kuudai kama hakuna karatasi inayoonyesha kwamba alijua.

Barua ni fupi. Iandike kwa Kifaransa kwa kuwa ndiyo lugha ya faili za ofisi, na iwe na mambo haya kwa mpangilio huu:

1. Jina, kazi, namba ya mfanyakazi.
2. "Natazamia kujifungua tarehe …, kama sertifika ya daktari iliyoambatishwa inavyoonyesha."
3. "Kwa kufuata kifungu cha 130, naomba konje ya uzazi kuanzia … hadi …, ikifuatwa na siku … za konje yangu ya mwaka."
4. "Nitarudi kazini tarehe …. Kwa kufuata kifungu cha 132, nitatumia mapumziko mawili ya nusu saa ya kunyonyesha. Naomba tukubaliane saa zake."
5. "Daktari akibadilisha tarehe, nitawajulisha kwa sertifika mpya."

Chapisha nakala mbili. Moja wanabaki nayo; ya pili wanaiandikia *accusé de réception* (imepokelewa), tarehe, jina na muhuri, na unarudi nayo nyumbani. Sekreteri akisema "acha hapa, utapata jibu", ngoja. Keti. Muhuri unachukua dakika moja. Barua isiyo na muhuri ni kama hukupeleka.

Ujumbe wa WhatsApp kwa shefu ni adabu nzuri, tena umtumie. Haushiki nafasi ya barua.

Daktari akisema mimba inaweka hatarini afya yako au ya mtoto kabla ya tarehe ya konje, kifungu cha 129 kinakuruhusu kusimamisha kazi bila hiyo kuwa sababu ya kuvunja kontra. Sertifika yake ipelekwe vilevile, kwa muhuri.

## Hatua ya 3: Pesa ya theluthi inayokosekana

Katika majuma 14 sheria inakuhakikishia theluthi mbili za mshahara, pamoja na faida za kontra zinazotolewa kwa vitu, kama nyumba. Theluthi moja haiji. Wengi wanaligundua siku ya malipo ya kwanza, tumbo likiwa la miezi minane na nusu.

Hesabu yake ni rahisi. Mshahara wa dola 300 unakuwa dola 200, pengo ni dola 100 kwa mwezi. Majuma 14 ni kama miezi 3 na robo, kwa hiyo pengo lote ni karibu dola 325. Ukianza kuweka miezi 5 kabla ya kuondoka, ni dola 65 kila mwezi.

Kama uko kwenye likelemba (mchango wa kupokezana), omba zamu yako iangukie mwezi wa kujifungua au ule unaofuata. Omba sasa, kabla zamu hazijapangwa. Wenzako watakubali kwa urahisi mimba ikiwa changa. Wakati kila mmoja amekwisha kula hesabu ya zamu yake kichwani, hata dada yako atasita.

Kabla ya kukubali hiyo theluthi mbili, soma convention collective (mapatano ya mwajiri na sendika) ya kampuni yako. Baadhi yake hutoa zaidi ya sheria. Mwakilishi wa sendika anayo nakala. Muulize yeye kwanza, halafu ofisi ya wafanyakazi.

Pita pia CNSS. Sheria ya 2016 ya usalama wa jamii inaweka posho za kabla ya kuzaa, posho za uzazi na malipo ya kila siku ya uzazi katika tawi la familia, ambalo mwajiri hulilipia mchango. Nenda na kadi ya kitambulisho na namba yako, uulize mambo mawili: je, mwajiri wangu amenitangaza, na michango ya miezi ya karibuni imefika? Jibu likiwa hapana, ni bora ulijue mwezi wa 5 wa mimba kuliko mwezi wa 9. Wakati huo bado mnaweza kurekebisha.

Mwisho, bon (karatasi ya ruhusa) ya matibabu. Kampuni nyingi hazikupokei kwenye hospitali yao bila bon. Uchungu hauangalii saa za ofisi, kwa hiyo omba bon ya kujifungua iandikwe kabla hujaanza konje, na uiweke ndani ya kadi ya CPN.

## Hatua ya 4: Kukabidhi kazi

Kurasa mbili zinatosha: kazi za kila siku, kazi za kila mwezi na tarehe zake, na mambo yaliyo katikati. Mpe anayekushikia, na nakala kwa shefu. Andika juu yake tarehe yako ya kurudi. Neno la siri la barua pepe yako usimwachie mtu.

## Hatua ya 5: Majuma 8 ya nyumbani, na karatasi mbili zisizongoja

Kuandikisha mtoto. Kituo ulichojifungulia kinakupa sertifika ya kuzaliwa. Hiyo siyo acte de naissance, cheti rasmi cha serikali. Mpelekeni mtoto kwenye ofisi ya état civil (uandikishaji wa raia) ya komini ndani ya siku 90, ambamo kuandikisha ni bure. Kwa mfano wetu, siku ya 90 ni tarehe 10 mwezi wa 1, 2027, nayo ni Jumapili. Tena Desemba ofisi zinapungua kasi. Baba aende mwezi wa 11. Mwajiri wa baba naye anadaiwa siku 2 za kazi za konje mke anapojifungua. Azitumie kwa karatasi hizi, siyo kwa kupokea wageni.

Bila acte de naissance, mtoto ni vigumu kuingia kwenye faili yako ya matibabu kazini wala ya posho za familia.

Chanjo. BCG na polio ya kwanza hutolewa anapozaliwa. Zinazofuata ni juma la 6, la 10 na la 14. Weka hizo kwenye kalenda ya mfano: 23 mwezi wa 11, 21 mwezi wa 12, 18 mwezi wa 1. Umeona tatizo? Ya kwanza iko ndani ya konje. Ya pili inaangukia majuma mawili baada ya kurudi kazini, na kwa aliyeongeza konje ya mwaka inaangukia siku yenyewe. Hii ndiyo sababu chanjo ya juma la 10 na la 14 ndizo zinazosahauliwa na mama wa ofisini. Vituo vina siku zao za CPS (kliniki ya watoto). Uliza siku gani, kisha amua mapema ni nani atampeleka. Nkambo (bibi wa mtoto) anaweza, mradi kadi isikae kwenye mkoba wako kazini.

Homa, damu inayozidi badala ya kupungua, kichwa kinachouma sana, mguu mmoja uliovimba na kuuma: hospitali siku hiyohiyo, konje au siyo konje.

## Hatua ya 6: Maziwa

Hapa ndipo wengi wanakwama, kwa hiyo twende polepole.

Lini uanze. Majuma mawili au matatu kabla ya kurudi. Ukianza mapema sana unajiongezea uvimbe. Ukianza siku mbili kabla, mkono haujajifunza.

Jinsi ya kukamua. Nawa mikono kwa sabuni. Kanda titi kwa upole dakika moja. Weka dole gumba juu na kidole cha shahada chini, sm 2 au 3 kutoka kwenye chuchu. Sukuma kuelekea mbavu, kisha bana, kisha achia. Vidole visiteleze juu ya ngozi: kuteleza kunachubua na hakutoi kitu. Sekunde za kwanza ni matone, halafu mkondo unakuja. Dakika 3 hadi 5 titi moja, hamia la pili, rudi la kwanza, ukizungusha vidole kulizunguka titi. Kwa jumla ni dakika 20 hadi 30.

Siku za kwanza utapata ml 20 au 30 tu. Haina maana kwamba huna maziwa. Mtoto ananyonya vizuri kuliko mkono wowote. Kamua asubuhi, nusu saa hivi baada ya kumnyonyesha, kwani asubuhi kifua kimejaa zaidi.

Kiasi gani. Kadiria ml 30 kwa kila saa usiyokuwapo. Unayekaa Ruashi na kufanya kazi mjini, ukiondoka saa 12 na nusu asubuhi na kurudi saa 11 na nusu jioni, ni saa 11: ml 330. Gawa katika chupa nne za ml 80 hadi 90. Chupa ndogo ni bora, kwa kuwa maziwa mtoto aliyoyabakiza yatumiwe ndani ya saa 2, baadaye yanamwagwa. Kumwaga ml 20 kunavumilika, kumwaga ml 120 kunaliza.

Yanakaa muda gani:

- kwenye chumba kisichozidi nyuzi 25: saa 4;
- kwenye glasieri yenye barafu: saa 24;
- ndani ya frigo kwenye nyuzi 4: siku 4.

Mwezi wa 10 hapa Lubumbashi chumba cha mabati mchana kinavuka nyuzi 25 kwa mbali, kwa hiyo hizo saa 4 usizitegemee. Mwezi wa 6 na wa 7, baridi inakusaidia.

Frigo na delestaji (kukatwa umeme kwa zamu). Ushauri wa kugandisha maziwa ya mwezi mzima unafaa kwa wenye umeme usiokatika. Kwetu usiufuate. Umeme ukikatika usiku na kurudi asubuhi, maziwa yaliyoyeyuka yakaganda tena yanaonekana mazima, na hayafai. Fanya mzunguko mfupi: maziwa ya leo ni ya kesho, na akiba ya siku moja juu yake. Umeme ukikatika, usifungue frigo. Ukipita saa 4, hamishia chupa kwenye glasieri pamoja na zile chupa mbili za barafu.

Chupa zichemshwe dakika 10, zipoe zikiwa zimefunikwa. Kila moja ibandikwe skochi yenye siku na saa. Ya zamani hutumika kwanza.

Kupasha. Weka chupa ndani ya bakuli la maji ya vuguvugu, si juu ya makala (makaa). Mafuta yakijitenga juu, zungusha taratibu, hayajaharibika.

## Hatua ya 7: Mlezi, na siku ya majaribio

Akiwa nkambo, shangazi au msichana wa kazi, afike juma zima kabla hujarudi. Mfundishe kikombe, si biberon: kikombe kinachemshwa na kusafishika, biberon ina pembe ambazo maziwa huoza bila kuonekana. Mtoto aketi wima mapajani, mdomo wa kikombe uguse mdomo wake wa chini, maziwa yafike ukingoni, naye avute mwenyewe. Kumimina kunapaliza.

Halafu kuna mazungumzo ambayo binti anaona haya kuyafanya na mama yake mzazi. Nkambo amelea watoto saba kwa maji ya sukari na uji wa mapema, na wote wako hai, wengine wana wajukuu. Usibishane na historia yake. Mwambie: "Mama, kwenye kituo wamesema hadi miezi 6 ni maziwa tu, hata maji hapana. Nimeyaacha hapa, yanatosha. Yakiisha, nipigie." Na kweli yaache yatoshe, maana uji huanza siku ambayo chupa zimeisha saa 9 mchana na mtoto analia.

Siku ya majaribio ni lazima, siku tano au sita kabla ya kurudi. Ondoka nyumbani kweli, kwa saa 5. Ukijificha chumba cha pili, mtoto atasikia harufu yako na kukataa kikombe. Siku ya kwanza huenda akanywa kidogo sana. Rudia kesho yake.

Umefaulu ikiwa siku ya pili anamaliza angalau chupa moja na nusu, na mlezi anakueleza saa alizomlisha bila kubahatisha.

## Hatua ya 8: Nusu saa mbili za kazini

Kifungu cha 132 kinampa anayenyonyesha mapumziko mawili ya nusu saa kila siku, yanayolipwa kama kazi. Kazi ni kuyatumia. Kutoka mjini hadi Katuba na kurudi kwa teksi-basi, nusu saa haitoshi hata kupanga mstari. Una njia tatu:

1. Mtoto aletwe. Inafaa kama mlezi anakaa karibu na kazini. Nyonyesha saa 4 na saa 8.
2. Kukamua kazini. Omba chumba chenye mlango unaofungwa. Choo hakifai, hata kikiwa safi. Glasieri inakaa chini ya meza yako.
3. Kuunganisha nusu saa mbili na kutoka saa moja mapema. Wengi wanaipenda kwa sababu ya foleni za jioni. Iandikwe na kusainiwa, la sivyo mwezi wa pili itaitwa utoro.

Ukichagua ya tatu, usikae saa 10 bila kukamua hata mara moja. Titi lililojaa muda mrefu linapunguza kutengeneza, na ndani ya majuma mawili utadhani "maziwa yamekauka yenyewe". Tumia pumziko la chakula cha mchana, hata dakika 15.

Uvimbe mwekundu, wa moto, pamoja na homa: endelea kunyonyesha upande huo na uende kituoni siku hiyo. Kuacha kunyonyesha kunazidisha.

Kama unaweza kuchagua, rudi kazini siku ya Alhamisi. Siku mbili au tatu, halafu mapumziko ya kurekebisha kilichokwama.

## Mambo yakienda vibaya

Umekuta mtu mwingine kwenye kiti chako, au mshahara wa konje haujalipwa, au nusu saa zimekataliwa. Usisaini karatasi yoyote siku hiyo, hasa ile inayosema umeacha kazi kwa hiari. Sema utaisoma nyumbani.

Anza na mwakilishi wa sendika. Ikishindikana, andika malalamiko kwa Inspection du Travail (ofisi ya serikali ya ukaguzi wa kazi), ukiambatisha fotokopi ya barua yenye muhuri, sertifika ya daktari, kontra na fishi za malipo. Hapo ndipo pande mbili huitwa kupatanishwa, na tribunal du travail (mahakama ya kazi) haipokei kesi ya mfanyakazi mmoja ambayo haijapitia hapo. Dai la mshahara hufa baada ya mwaka 1 tangu siku ulipopaswa kulipwa, madai mengine mengi ya kontra baada ya miaka 3. Hesabu mwaka huo kutoka tarehe iliyo kwenye fishi.